Mhandisi anapokuwa meneja: Ngazi ambayo wengi huipanda bila kufundishwa

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MAKAA ya mawe ya Ngaka, katika Kijiji cha Ntunduwaro, Kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011. Kazi hiyo ilianzishwa na Kampuni ya Tancoal Energy, ambayo ilikuwa ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lenye asilimia 30 na mwekezaji kutoka Australia mwenye asilimia 70. Tangu hapo, eneo ambalo awali lilitajwa zaidi kwa kilimo limekuwa mahali pa kazi pa wataalamu wa migodi, mitambo, umeme, mazingira na jiolojia.

Kwa msomaji wa mjini, neno teknolojia huleta mawazo ya simu, kompyuta na intaneti, na ni vigumu kuona uhusiano wa ofisi yenye kiyoyozi jijini Dar es Salaam na shimo la makaa mkoani Ruvuma. Hata hivyo, lipo swali moja linaloziunganisha sehemu hizo mbili: mhandisi aliyesifika kwa kazi yake mwenyewe anapotakiwa kuwaongoza wenzake, anapaswa kubadilika vipi?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa kawaida mhandisi hodari hupewa barua ya cheo, nyongeza ya mshahara na meza mpya, lakini hapewi mafunzo ya kazi anayoiingia. Akishindwa, mwajiri hupata hasara mara mbili, kwa kuwa amempoteza mhandisi mzuri na badala yake amepata meneja dhaifu. Panapohusika mitambo mikubwa, milipuko, umeme au vyombo vya abiria, hasara hiyo inaweza kuhesabiwa kwa maisha ya watu.

Makala hii inaeleza kazi ya meneja wa wahandisi, hatua za kukua katika kazi hiyo, sheria ambazo hana budi kuzifahamu na makosa yanayowaangusha wengi.

Meneja wa wahandisi ni nani?

Meneja wa wahandisi ni mtu anayewajibika kwa kazi ya kitaalamu inayofanywa na watu wengine. Anaweza kuwa ni mkuu wa kitengo cha programu katika kampuni ya simu, mkuu wa karakana, msimamizi wa ujenzi wa meli au meneja wa mgodi. Kinachomtofautisha na mhandisi wa kawaida ni namna kazi yake inavyopimwa. Mhandisi hupimwa kwa alichokibuni au alichokitengeneza, ilhali meneja hupimwa kwa kile ambacho kikosi chake kimeweza kukifanya, hata siku ambayo yeye hayupo.

Ni vema pia kutofautisha meneja na nyapara. Nyapara huhesabu vichwa, hugawa majembe na kuhakikisha hakuna anayeketi. Kazi ya kitaalamu haisimamiwi hivyo, kwa sababu sehemu yake kubwa hufanyika kichwani, na mtu anayeonekana amekaa kimya mbele ya mchoro huenda ndiye anayeokoa fedha nyingi kuliko wote. Meneja anayesimamia wataalamu kwa kuwahesabu hupata watu wanaowahi kufika kazini na kuchelewa kufikiri.

Hatua ya kwanza ni kukasimu

Jaribu la kwanza la meneja mpya ni kuendelea kufanya kazi yake ya zamani. Mfumo ukikwama anakimbilia kuutengeneza mwenyewe. Mtambo ukizimika anavua koti na kushika spana. Kwa siku chache ataonekana shujaa. Baada ya miezi michache wasaidizi wake watakuwa wameacha kujaribu, kwa kuwa wanajua bosi atakuja, na yeye atakuwa anafanya kazi za watu wawili huku kazi ya umeneja ikiwa haina mwenyewe.

Kukasimu maana yake ni kumkabidhi mtu kazi pamoja na mamlaka ya kuiamua, kisha kubaki na wajibu wa matokeo. Namna nzuri ya kuanza ni kugawa kazi katika mafungu matatu. La kwanza ni kazi ambazo msaidizi anaweza kuzifanya na kuzimaliza bila kuuliza. La pili ni kazi atakazozifanya na kutoa taarifa. La tatu ni zile ambazo hawezi kuzianza bila kibali, kwa mfano kuwasha mtambo uliokuwa katika matengenezo au kubadilisha mfumo unaopitisha fedha za wateja. Kadiri msaidizi anavyokomaa, kazi huhamishwa kutoka fungu la tatu kwenda la pili, na hatimaye la kwanza. Meneja anayeweza kuonyesha orodha hiyo mwanzo na mwisho wa mwaka anao ushahidi kwamba watu wake wamekua.

Hii haina maana kwamba meneja auache uhandisi. Anatakiwa abaki na ujuzi wa kutosha kuuliza swali linalofaa na kutambua jibu lisiloridhisha. Anachokiacha ni tamaa ya kuwa fundi bora kuliko wote katika chumba.

Kuongeza watu si kuongeza kazi

Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa makaa ya mawe kutoka nje ya nchi. Viwanda vya saruji vililazimika kugeukia makaa ya ndani, na macho mengi yakaelekezwa Ngaka. Miaka sita baadaye, vita iliyoanza nchini Ukraine Februari 2022 ilitikisa soko la nishati duniani, na makaa ya Ruvuma yakapata wanunuzi wa nje kupitia Bandari ya Mtwara, umbali wa mamia ya kilomita kwa malori.

Mahitaji yanapopanda ghafla namna hiyo, meneja hupewa amri rahisi kutamka: zalisha zaidi. Tuseme mgodi wowote wa aina hiyo umetakiwa kupakia malori mara mbili ya yale ya jana. Jibu jepesi ni kukodi malori zaidi na kuajiri vibarua. Lakini mizani ni ileile, njia ya kushukia shimoni ni ileile, na anayepima unyevu, majivu na nguvu ya joto ya makaa katika maabara ni yuleyule. Malori yatakayoongezwa yataongeza foleni tu. Waswahili husema kamba hukatikia pembamba, na kazi ya meneja ni kupajua mahali hapo pembamba kabla hajaongeza mzigo.

Katika sekta ya kompyuta jambo hili lilielezwa zamani. Mmarekani Frederick Brooks alisimamia katika Kampuni ya IBM uundaji wa kompyuta za System/360 pamoja na programu zake katika miaka ya 1960. Mwaka 1975 alitoa kitabu kiitwacho The Mythical Man-Month, ambamo alifikia uamuzi kwamba mradi wa programu uliochelewa huzidi kuchelewa unapoongezewa watu. Sababu ni kuwa wageni lazima wafundishwe, na wanaowafundisha ni walewale waliokuwa wakifanya kazi.

Sababu ya pili ni hesabu ya mawasiliano. Watu watano wakihitaji kuelewana kila mmoja na mwenzake, njia za mawasiliano ni 10. Wakiwa 10 njia hufika 45, na wakiwa 20 hufika 190. Ndiyo maana mameneja wenye uzoefu hugawa kikosi kikubwa katika vikosi vidogo vyenye mipaka ya kazi inayoeleweka, ili isiwe lazima kila mtu azungumze na kila mtu.

Kusikiliza kama sehemu ya kazi

Mwaka 2002 Kampuni ya Google ya Marekani ilijaribu kuendesha kazi bila mameneja wa wahandisi, kwa imani kwamba wahandisi wazuri wangeweza kujiongoza. Jaribio hilo lilidumu kwa miezi michache tu, kwa kuwa viongozi wakuu walijikuta wakizongwa na maswali ya marejesho ya matumizi na magomvi ya wafanyakazi. Baadaye kampuni hiyo ilifanya utafiti wa ndani kuhusu kinachomfanya meneja awe bora. Katika orodha ya sifa nane zilizopatikana, iliyoongoza ilikuwa uwezo wa kuwafundisha na kuwakuza wasaidizi. Ujuzi wa kitaalamu ulikuwemo, lakini ulishika nafasi ya mwisho.

Chombo kikuu cha meneja katika jambo hili ni mazungumzo ya faragha na kila msaidizi wake, angalau mara moja kila wiki mbili. Mazungumzo hayo ni ya msaidizi, hivyo si vema yageuzwe kuwa kikao cha kudai taarifa za kazi. Maswali machache yanatosha: kipi kinakukwamisha, kipi ungependa kujifunza, na jambo gani ninalolifanya mimi linakuzuia usifanye kazi vizuri. Swali la mwisho ni gumu kuliko yote, na meneja anayelijibu kwa hasira ajue kwamba hatalisikia jibu la kweli tena.

Kusikiliza kunahusu pia wale wanaotumia kazi ya wahandisi. Mfano mashuhuri katika ukanda wetu ni M-Pesa. Ilipojaribiwa nchini Kenya kuanzia Oktoba 2005, ilikusudiwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Watumiaji wakaanza kuitumia kupelekeana fedha wao kwa wao. Waliosimamia mradi hawakuwalazimisha kurudi katika matumizi yaliyopangwa. Walikubali kuwa watu wamewaonyesha bidhaa yenyewe, na Machi 2007 huduma hiyo ilizinduliwa na Safaricom ikiwa ni njia ya kutuma fedha. Mwaka uliofuata iliingia Tanzania kupitia Vodacom. Wangeng'ang'ania mpango wa awali, huenda historia ya fedha za simu Afrika Mashariki ingekuwa tofauti.

Kofia mbili katika kichwa kimoja

Hakuna mahali ambapo umeneja wa uhandisi hupimwa kwa ukali kama pale ambapo ratiba inagongana na usalama.

Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kiliangamia sekunde 73 baada ya kuruka na watu wote saba waliokuwamo wakafariki dunia. Tume iliyochunguza ilibaini kwamba usiku uliotangulia, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo hicho walishauri kisirushwe, kwa hofu kwamba baridi ingezidhoofisha pete za mpira zilizoziba viungio. Mkuu wa uhandisi wa kampuni hiyo aliunga mkono ushauri huo mwanzoni. Kisha akatakiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi na kuvaa ya umeneja. Akabadili msimamo, na chombo kikaruhusiwa kuruka.

Kwetu, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia ya abiria walipoteza maisha. Vyombo hivyo viwili havifanani, lakini vinatoa funzo moja. Kipimo cha kitaalamu, kiwe joto la hewa au idadi ya abiria, hakibadiliki kwa sababu anayekisoma amepanda cheo.

Kwa sababu hiyo, meneja anayetoka katika uhandisi anapaswa kuvaa kofia zote mbili kwa wakati mmoja. Katika mgodi wa wazi kama wa Ntunduwaro, ukuta wa shimo unaoonyesha nyufa baada ya mvua hauulizi malori mangapi yanasubiri. Meneja ndiye anayepaswa kusimamisha kazi, kuwaeleza wakubwa gharama ya kusimama huko, na kuwakinga wasaidizi wake wasilaumiwe kwa kusema kweli.

Kinga hiyo inahitaji kujengwa mapema. Njia mojawapo ni mapitio ya matukio, ambapo kila hitilafu, hata ile ambayo haikuumiza mtu, huandikwa na kujadiliwa kwa kutafuta chanzo katika mfumo kabla ya kutafuta mkosaji. Mahali ambapo anayetoa taarifa ya hitilafu huadhibiwa, hitilafu haziishi, ila taarifa ndizo zinazoisha.

Umri, undugu na heshima

Vitabu vingi vya umeneja vimeandikwa katika nchi ambazo kijana humwita mzee kwa jina lake la kwanza. Hapa kwetu mambo si hayo. Mhandisi wa miaka 29 anaweza kupewa kikosi chenye fundi wa miaka 55 ambaye amezifahamu mashine tangu kijana huyo hajazaliwa. Asubuhi meneja ndiye anayetoa shikamoo, na mchana huohuo anatakiwa amweleze mzee huyo kwamba kazi yake haikukidhi kiwango.

Wanaofaulu katika hali hiyo hawaachi heshima wala hawaachi kiwango. Humkosoa mtu mzima faraghani, kamwe si mbele ya vijana. Huanza kwa kumwomba maelezo, kwa kuwa mara nyingi fundi mkongwe anazo sababu ambazo hazimo katika michoro. Humpa pia nafasi rasmi ya kuwafundisha wachanga, jambo linalogeuza uzoefu wake kuwa mali ya kikosi kizima. Lakini kanuni ya usalama ikikiukwa, umri haumwondolei mtu wajibu.

Jambo jingine ni undugu. Mradi mkubwa unapofika kijijini, wenyeji wana haki ya kutarajia ajira, na ni busara kuwatimizia kwa kadiri inavyowezekana. Meneja naye ana ndugu, jamaa na watu wa nyumbani kwao wanaomwona kuwa ndiye mlango wa ajira. Kinachomwokoa ni utaratibu ulio wazi: nafasi itangazwe, sifa zitajwe, usaili ufanywe na zaidi ya mtu mmoja, na mwenye undugu na mwombaji ajitoe katika usaili huo. Mtu asiye na sifa akipewa udereva wa mtambo kwa kuwa ni mtoto wa shangazi, atakayeumia huenda ni mtoto wa shangazi wa mtu mwingine.

Sheria ambazo meneja hana budi kuzijua

Mhandisi wengi humaliza chuo bila kufungua sheria ya kazi hata mara moja. Siku anapokuwa meneja, sheria hiyo inakuwa sehemu ya kazi yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa siku sita za kazi kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku. Kazi ya muda wa ziada inahitaji makubaliano, haipaswi kuzidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi kwa mama ni siku 84, na hufika siku 100 anapojifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Lipo jambo moja linalosahaulika. Wafanyakazi wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na masharti hayo ya saa za kazi. Maana yake ni kwamba meneja anaweza kujikuta akifanya kazi hadi usiku kwa hiari yake, lakini haruhusiwi kuutumia mwenendo wake kuwa kipimo cha wasaidizi ambao sheria inawalinda. Dereva wa mtambo aliyechoka ni hatari kwake na kwa wenzake.

Kuhusu kuachisha kazi, sheria inataka kuwepo sababu halali na utaratibu wa haki. Meneja anayemfukuza mtu kwa hasira mbele ya kikosi, hata kama mtu huyo amekosa kweli, anaweza kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa sababu ya utaratibu alioukiuka. Onyo liandikwe, mtuhumiwa asikilizwe, na kumbukumbu zihifadhiwe.

Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka wajibu wa usalama kwa mwajiri na kwa mfanyakazi. Kwa walio katika mifumo ya kompyuta, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinapaswa kusomwa kabla ya kuidhinisha mfumo wowote unaokusanya taarifa za wananchi.

Njia ya kukua nchini Tanzania

Taaluma ya uhandisi nchini husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997. Mhitimu wa chuo husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Mwaka 2003 Bodi ilianzisha mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu unaojulikana kwa kifupi chake cha SEAP, ambao humweka mhitimu kazini chini ya mhandisi mzoefu hadi afikie sifa za kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Juu yake lipo daraja la mhandisi mshauri.

Mpango huo unatoa fursa ya pili ambayo haitajwi sana, nayo ni ya yule anayesimamia. Mhandisi anayetaka siku moja kuwa meneja afanye bidii ya kuomba kusimamia wanafunzi wa namna hiyo. Kumwongoza mhitimu mmoja kwa miaka mitatu, kumpangia kazi, kusoma taarifa zake na kumkosoa bila kumvunja moyo, ni shule ya umeneja isiyolipiwa ada. Anayeona kazi hiyo inamchosha amepata jibu mapema, kabla ya kupewa watu 20.

Kwa maana hiyo, ikumbukwe kwamba si kila mhandisi anapaswa kuwa meneja. Katika utumishi wa umma, mhandisi anaweza kupanda kutoka daraja la pili hadi daraja la kwanza, kisha mhandisi mwandamizi na hatimaye mhandisi mkuu, kwa misingi ya taaluma yake. Kampuni kubwa za teknolojia duniani nazo zina ngazi mbili sambamba, moja ya utaalamu na nyingine ya uongozi, zenye maslahi yanayokaribiana. Waajiri binafsi nchini ambao hawana ngazi ya kwanza wanawalazimisha wataalamu wao kuomba vyeo wasivyovipenda, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuongeza kipato. Ni hasara inayoweza kuepukwa kwa waraka mmoja wa muundo wa mishahara.

Kuwaongoza wanaoongoza

Hatua ngumu zaidi huja pale meneja anapopewa mameneja wenzake wawasimamie watu kwa niaba yake. Hapo haoni tena kazi yenyewe, bali huona taarifa za kazi, na lazima ajue ipi aiamini na ipi akaikague kwa macho.

Mfano unapatikana katika ziwa lilelile linalopakana na Ruvuma. Ziwa Nyasa halina njia ya maji inayopitika kwa meli kutoka baharini, hivyo chombo kikubwa hakina budi kujengwa au kuunganishwa ufukweni. Meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000, zilijengwa na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine upande wa Kyela na kukamilika mwaka 2017. Ilifuata MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyoanza kazi mwaka 2021.

Kazi kama hiyo ina wabunifu, wakata mabati, wachomeleaji, wataalamu wa injini, mafundi umeme na wakaguzi, kila kundi likiwa na mkuu wake. Fundi umeme hawezi kupitisha nyaya mahali ambapo mchomeleaji hajamaliza, na mkaguzi akikataa kiungo kimoja ratiba nzima husogea. Meneja wa juu hachomelei wala hapitishi nyaya. Kazi yake ni kuhakikisha kila mkuu anajua anamsubiri nani na nani anamsubiri yeye, na kwamba habari mbaya inamfikia siku ileile inapotokea.

Kipimo cha mwisho

Katika milima ya Mbinga, Wamatengo wamekuwa wakilima kwa mashimo yaitwayo ngolo kwa zaidi ya karne moja. Kwa desturi, wanaume hufyeka na kupanga nyasi katika miraba, na wanawake huchimba na kuzifukia, hivyo mteremko mzima ukawa na vishimo vinavyozuia maji yasichukue udongo. Huo ni uhandisi kamili, na haukutegemea mtu mmoja. Kila anayekua hujifunza sehemu yake kwa kuifanya, na shamba huendelea kushika udongo baada ya mkulima wa kwanza kufariki.

Meneja wa wahandisi anaweza kujipima kwa njia hiyohiyo. Akienda likizo yake ya siku 28, je, simu yake italia kutwa? Taratibu za kazi zimeandikwa mahali ambapo mgeni anaweza kuzisoma? Yupo angalau mtu mmoja anayeweza kushika nafasi yake kesho? Na je, mfanyakazi wa cheo cha chini kabisa anaweza kusimamisha mtambo anapoona hatari, bila kuhofia kibarua chake?

Mkoa wa Ruvuma una mipango mikubwa inayoelekezwa kwake, ikiwamo reli iliyokusudiwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay na bandari katika ufukwe wa Ziwa Nyasa. Miradi hiyo itahitaji fedha, mitambo na wahandisi wenye vyeti. Itahitaji vilevile watu wanaojua kuwaongoza wahandisi hao, na watu hao hawaagizwi pamoja na mitambo. Huandaliwa mmoja mmoja, kwa miaka, na meneja aliyewatangulia.